Ujira wa Saa Chache

Katika nyumba tunamokaa sisi mapadre yupo mama mmoja anayetupikia, kutufulia nguo na kusafisha vyumba. Hufika saa kumi na mbili asubuhi, na huondoka saa sita mchana kwenda kuwahudumia wa kwake. Yupo pia bwana mmoja atunzaye bustani na ua. Yeye huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, akipumzika saa moja kwa chakula. Wote wawili ni waaminifu, wote wawili huja siku tano kwa juma, na wote wawili tumekuwa tukiwalipa kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa hata siku moja. Kwa hiyo tuliona dhamiri yetu i safi.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukikagua daftari la matumizi ya nyumba, tulifanya hesabu ambayo hatukuwahi kuifanya. Mtunza bustani hufanya kazi saa 7 kwa siku, yaani saa 140 kwa majuma manne, na ujira wake ni shilingi 140,000. Basi kila saa yake ni shilingi 1,000. Mama hufanya kazi saa 6 kwa siku, yaani saa 120 kwa majuma manne, na ujira wake ulikuwa shilingi 72,000. Basi kila saa yake ilikuwa shilingi 600. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba mama yule hupata nusu kwa sababu hafanyi kazi kutwa. Kumbe saa zake hazikuwa nusu ya saa za mwenzake. Zilipungua kwa saa moja tu kwa siku. Kilichokuwa nusu ni ujira.

Tulimwita ofisini tuzungumze naye. Alikuja akijifuta mikono kwa kanga yake, akasimama mlangoni, na baada ya kutoa "Tumsifu Yesu Kristo", neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Baba Padre, nimekosa nini?" Swali hilo lilitukaa moyoni kuliko hesabu yote. Miaka mitatu amekuwa nasi, nasi tulidhani kwamba yu huru kutuambia habari ya ujira wake wakati wowote apendao. Alipoitwa tu, alidhani anafukuzwa.

Haya ni mambo ya aibu kidogo kuyaandika gazetini. Walakini twayaandika, kwa kuwa twaamini kwamba nyumba yetu haiko peke yake, na kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo kila jamaa ya Kikristo hapana budi ijiulize: Je, ujira huwa wa haki kwa sababu tu anayeupokea ameukubali? Na je, yule anayefanya kazi saa chache ana haki chache?

Jambo hili limechunguzwa sana katika nchi zenye sheria nyingi na takwimu nyingi. Twapenda kuanza huko, kwa maana kosa la jirani huonekana upesi kuliko la nyumbani; kisha tutarudi kwetu.

Uingereza ilitunga sheria ya ujira sawa kwa wanaume na wanawake mwaka 1970, nayo ikaanza kutumika tarehe 29 Desemba 1975. Ingedhaniwa kwamba baada ya miaka hamsini hivi neno lingekuwa limekwisha. Lakini takwimu za serikali ya nchi hiyo za Aprili 2024 zaonyesha mambo mawili ya kutazamwa pamoja. Ukiwapanga safu wafanyakazi wa kutwa peke yao, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kisha ukamchukua aliye katikati ya kila safu, mwanamke hupata kwa saa asilimia 7 pungufu ya mwanamume. Lakini ukiwaweka pamoja wafanyakazi wote, wa kutwa na wa saa chache, upungufu huo wapanda hata kufikia asilimia 13.1. Umekaribia kuongezeka mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya wanawake wafanyao kazi nchini humo hufanya kazi za saa chache, hali wanaume wa namna hiyo ni karibu mmoja tu katika saba. Na saa ya mfanyakazi wa saa chache hulipwa rahisi kuliko saa ya mfanyakazi wa kutwa.

Msomaji na aangalie vizuri: hesabu hiyo ni ya saa moja moja, wala si ya mwezi mzima. Kama mtu akifanya kazi nusu ya siku akapata nusu ya ujira, hakuna wa kulalamika. Lakini hapa saa yenyewe ndiyo iliyopunguzwa thamani, kana kwamba saa ya mtu atakayeondoka mchana ina dakika arobaini tu.

Sababu zake ni nyingi, nasi tutataja mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi za saa chache hupatikana zaidi katika kufagia, kupika, kuuza dukani, na kutunza wazee na wagonjwa. Hizo ni kazi ambazo toka zamani ziliitwa za kike, na kila lililoitwa la kike liliwekwa katika mizani nyepesi. Ya pili ni mtoto. Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya uchumi alipewa Claudia Goldin, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye amefuatilia kazi na mapato ya wanawake wa Marekani katika muda wa zaidi ya miaka 200. Mojawapo ya mambo aliyoyaonyesha ni hili: siku hizi, sehemu kubwa ya tofauti ya mapato kati ya mume na mke hujitokeza anapozaliwa mtoto wa kwanza. Kabla ya hapo hutembea karibu bega kwa bega. Baada ya hapo mmoja hubaki kazini saa zote, na mwingine huanza kutafuta kazi itakayomruhusu kurudi nyumbani mapema. Na kazi ya namna hiyo humgharimu.

Tutoe mifano miwili, ili mambo haya yasibaki katika namba.

Mwezi wa Juni 1968, katika kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, mashariki mwa London, wanawake 187 waliokuwa wakishona kwa cherehani vitambaa vya viti vya magari waliacha kazi. Kazi yao ilikuwa imewekwa katika daraja la kazi zisizo na ufundi, na hata katika daraja hilo walilipwa asilimia 85 ya ujira wa wanaume. Walikaa nje majuma matatu. Viti vikakosekana, na magari yasiyo na viti hayauziki, hata kiwanda kizima kikasimama. Hapo ndipo watu walipojua thamani ya sindano. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Wanawake hao walirudi kazini wakiwa wamepewa asilimia 92, na ghadhabu yao ikawa chachu ya ile sheria ya mwaka 1970. Walakini kushona kwao hakukutambuliwa kuwa ufundi mpaka baada ya mgomo mwingine ulioanza mwaka 1984. Na kwa nini haukuitwa ufundi muda wote huo? Twadhani ni kwa sababu kushona kulihesabiwa kuwa jambo ambalo msichana hujifunza nyumbani kwa mama yake. Kama wangefundishwa na mwanamume katika chuo, wangepewa cheti. Kwa kuwa kulihesabiwa kuwa mafunzo ya mama, kukaonekana kuwa tabia ya wanawake tu.

Mfano wa pili ni wa jiji la Glasgow, katika Uskoti. Halmashauri ya jiji hilo ilikuwa na mpango wa mishahara ulioanzishwa kati ya 2006 na 2007, uliokusudiwa kuleta usawa. Lakini ndani yake mlikuwa na nyongeza iliyomwendea mfanyakazi wa saa 37 kwa juma. Nyongeza hiyo haikutaja mwanamume wala mwanamke, nayo yaonekana kuwa haina ubaya. Sasa tumtazame aliyeikosa. Ni mama aliyezunguka majumbani kuwatunza wazee: asubuhi kuwaamsha na kuwaosha, mchana kuwalisha, jioni kuwalaza. Saa zake za kulipwa zilikuwa chache, lakini siku yake yote ilikatwa vipande, asiweze kufanya kazi nyingine. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya Uskoti ilikataa kuuthibitisha mpango huo. Tarehe 23 na 24 Oktoba 2018 wanawake zaidi ya 8,000, watunzaji wa wazee, wapishi wa shule na wafagizi, waliacha kazi siku mbili. Na wanaume wengi wazoao taka, ambao walikuwa wamenufaika na mpango ule, walikataa kuipita mistari yao. Mwaka uliofuata halmashauri ilikubali kulipa kiasi cha pauni milioni 500. Hilo halikuwa zawadi. Ilikuwa mishahara ya nyuma.

Twaona basi kwamba dhuluma ya namna hii haihitaji mtu mwovu. Haihitaji mwajiri asemaye, "Nitawapunja wanawake." Yatosha kuwa na desturi ya zamani, na kanuni isiyotaja jina la mtu, na daftari ambalo hakuna aliyelikagua. Ndivyo ilivyokuwa Glasgow, na ndivyo ilivyokuwa katika nyumba yetu.

Turudi sasa kwetu. Sheria hatukuzikosa. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, wadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya iliuridhia mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha usawa huo. Lakini agizo la kima cha chini cha mshahara lililoanza kutumika Januari 2023 liliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa biashara na viwanda, na shilingi 60,000 kwa mtumishi wa nyumbani wa daraja la chini. Ujira wa mama yule wa kwetu ulipangwa wakati huo, nao ulikuwa juu ya kima hicho. Kwa sheria tulijiona salama. Hata hivyo tulikuwa tukimpunja. Sheria huweka sakafu ambayo chini yake ni kosa kushuka. Haisemi kwamba kila aliyesimama juu ya sakafu ametenda haki.

Sasa tuzipime sababu ambazo watu wema huzitoa, na ambazo sisi wenyewe tulikuwa nazo.

Kwanza husemwa, "Amekubali mwenyewe." Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alilijibu neno hili kwa uwazi. Alifundisha kwamba mapatano ya hiari kati ya mwajiri na mfanyakazi ni jambo jema, lakini juu ya mapatano hayo ipo haki ya asili, iliyo kubwa na ya kale kuliko mapatano yoyote. Na mtu akikubali masharti magumu kwa kubanwa na shida, amelazimishwa, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Tukikumbuka mama aliyesimama mlangoni akiuliza amekosa nini, twaelewa maana ya mafundisho hayo. Mtu anayeogopa kuitwa hawezi kujadiliana. Mwenye watoto wanaosubiri unga hawezi kusema, "Nitafikiri, nitarudi juma lijalo." Kukubali kwake kwatuonyesha ukubwa wa shida yake, wala hakutuonyeshi haki ya bei yetu.

Pili husemwa, "Ana mume, fedha yake ni ya nyongeza tu, ya chumvi na kiberiti." Hapa hatuna budi kusema kweli juu ya mafundisho yetu wenyewe. Leo XIII alimwona mwanamke hasa kama mtu wa kazi za nyumbani. Papa Pius XI, mwaka 1931, alidai kwamba baba wa jamaa alipwe ujira utoshao kumlisha yeye na wa nyumbani mwake, ili mama asilazimishwe na umaskini kuwaacha watoto. Kusudi la mafundisho hayo lilikuwa kuilinda jamaa. Walakini wako waajiri, na miongoni mwao wamo Wakristo, walioyageuza kuwa kisingizio: kwa kuwa ujira wa jamaa ni wa baba, basi ujira wa mama waweza kuwa wowote. Hawakumpa baba kile ujira wa jamaa, na mama wakampunja. Wakachukua kwa mikono miwili.

Kanisa halikuishia hapo. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, katika waraka juu ya kazi, alisema kwamba kazi yapasa kupangwa kwa namna ambayo mwanamke hatalipia maendeleo yake kwa kuiacha jamaa yake. Na mwaka 1995, katika barua yake kwa wanawake, alitaja bayana ujira sawa kwa kazi sawa. Tukiyashika mafundisho hayo yote pamoja, twaona hayapingani. Anayemthamini mama kwa ajili ya jamaa hawezi kumwadhibu kwa ajili ya jamaa hiyohiyo. Mama yule aondokapo kwetu saa sita, haendi kulala. Anakwenda kuchota maji, kupika, kumwuguza mkwewe, na kuwasimamia watoto ambao kesho watakuwa raia na waumini. Kusema, "Kwa kuwa unakwenda kuitunza jamaa, saa zako za hapa zitakuwa rahisi," ni kumtoza kodi kwa sababu ya wema wake. Tena wako wengi wasio na mume, au wenye mume mgonjwa, au wenye mume ambaye mshahara wake huishia njiani. Watoto wao hawali chakula cha nyongeza.

Tatu husemwa, "Kazi yake ni nyepesi, kila mtu aiweza." Wanawake wa Dagenham wamekwisha kujibu. Sisi twaongeza tu kwamba anayesema hivyo na ajaribu juma moja: afue mashuka ya watu sita kwa mkono, apike kwa wakati, asichome, asipoteze, tena asinung'unike.

Nne husemwa, na hili ndilo zito, "Hatuna fedha." Hatulidharau neno hili. Twawajua akina mama walimu na wauguzi ambao wenyewe hawalipwi vya kutosha, nao wamemwajiri binti ili waweze kwenda kazini. Mama huyo asema kwa haki kwamba amepunjwa. Na jioni, nyumbani kwake, yupo binti aliyeamka kabla yake na atakayelala baada yake. Hivyo dhuluma hupokezana kama maji yanayotiririka kutoka mtungi hadi mtungi, na aliye chini kabisa ndiye anayelowa. Mwenye hali hiyo afanyeje? Twadhani iko njia ya kweli. Asiyeweza kulipa kutwa na asichukue kutwa. Achukue saa chache, azilipe kwa kipimo kamili, na saa zilizosalia amwachie binti ziwe zake kweli, aende shule ya jioni, ajifunze ushonaji, au apate kibarua kingine. Kazi ya saa chache haina ubaya wowote yenyewe. Kwa mama wengi ni msaada mkubwa, mradi saa iwe saa.

Na anayeahirisha ajue kwamba deni hili halilali. Jiji la Birmingham, katika Uingereza, lilishindwa mwaka 2012 mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi, katika kesi ya wafanyakazi wake wa zamani, wengi wao wanawake waliokuwa wapishi, wafagizi na watunzaji, waliokosa marupurupu waliyopewa wanaume. Miaka kumi na moja baadaye, Septemba 2023, jiji hilo lilitangaza kwamba haliwezi tena kusawazisha matumizi yake, na madai ya ujira sawa yalikuwa mojawapo ya sababu lilizozitaja. Haki iliyocheleweshwa iligeuka mzigo kwa wakazi wote.

Tulipokuwa tukiyafikiri haya, msomaji mmoja wa gazeti letu alitukumbusha ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyewaajiri watu nyakati mbalimbali za siku. Yeye aliutaja ili kutuonyesha kwamba mwenye mali ana haki kulipa apendavyo. Twamshukuru, kwa maana alitufanya tuusome upya. Hatutaki kuugeuza mfano ule kuwa kitabu cha mishahara; wanena juu ya ukarimu wa Mungu. Hata hivyo yafaa tuone ni nani ndani yake walikuwa wafanyakazi wa saa chache. Ni wale walioingia jioni, waliosimama sokoni kutwa kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. Na mwenye shamba, alipotumia uhuru wake, aliutumia kwa kuwaongezea hao, akawapa dinari nzima, ujira wa siku, kwa sababu jioni ile na wao walikuwa na njaa ya siku nzima. Wako wengi wanaoutumia mfano huu kujitetea, lakini uhuru wao daima huelekea upande wa kupunguza. Uhuru wa mwenye shamba ulielekea upande mwingine.

Katika mfano ule walionung'unika ni wale wa kutwa. Kwetu haikuwa hivyo. Mtunza bustani aliposikia hesabu ile, alishangaa akasema, "Mimi nilidhani analipwa kama mimi." Tukawakumbuka wale wazoa taka wa Glasgow. Mara nyingi tunajificha nyuma ya watu tukisema kwamba wengine watalalamika, kabla hatujawauliza.

Imebaki habari ya kilichofuata. Ujira wa mama yule sasa ni shilingi 120,000, saa kwa saa sawa na mwenzake. Kufika hapo hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya miaka mitatu iliyopita. Mwenzetu mmoja alisema, "Tumesahihisha, yatosha." Lakini mafundisho ya maadili tuliyosoma seminarini hayamwachi mtu hapo. Yeye aliyechukua kisicho chake haambiwi ajute tu, aambiwa arudishe. Nasi tangu utoto, katika katekisimu, tulifundishwa kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni miongoni mwa dhambi zinazolia mbele za Mungu. Tofauti ilikuwa shilingi 48,000 kwa mwezi, na miezi ni 36: jumla yake ni shilingi 1,728,000. Nyumba yetu haina fedha hiyo mkononi. Tumepatana kupunguza safari za gari, na kumlipa mama shilingi 48,000 kila mwezi juu ya ujira wake mpya mpaka deni liishe. Itachukua miezi 36, muda uleule tuliomkopa bila kumwomba.

Tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama aweza kuleta daftari lake ili naye aandike kila atakachopokea. Tulimwambia alilete. Kwa kweli swali hilo lilitufurahisha kuliko shukrani, kwa maana ndilo swali la kwanza alilotuuliza kama mtu anayejua kwamba kilicho mezani ni chake.

Wasomaji wetu wapenzi, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ndivyo tulivyofundishwa na wazee kabla ya sheria zote tulizozitaja. Katika nyumba zenu, maduka yenu, shule zenu, na katika parokia zetu ambamo akina mama hufagia kanisa na kupikia semina, twawaombeni jambo moja. Jumapili hii baada ya chakula, baba na mama wa nyumba waketi pamoja na kalamu na karatasi. Waandike ujira wa kila anayewafanyia kazi, waugawe kwa saa anazozifanya kweli, tangu anapoamka mpaka anapolala ikiwa anakaa kwenu, kisha walinganishe. Wakikuta ni sawa, wamshukuru Mungu. Wakikuta si sawa, wasimwite mtu kesho yake kumpa hotuba. Waanze kwa kumwambia mlangoni, kabla hajauliza, kwamba hakukosa neno.